Mtu Aliyeuwekea Umeme Akiba

Jua linapotua nyuma ya vilima vya Mua, na giza kuanza kuingia katika mabonde ya Machakos, taa huwaka katika nyumba nyingi ambazo hazijapata kufikiwa na waya wa stima. Mtoto hufungua daftari lake mezani, mama hupakua chakula, na mzee hufungulia redio asikilize habari za ulimwengu. Jua limekwisha kwenda zake, wala hapana moshi wa mafuta ya taa, wala mlio wa injini. Nguvu inayowasha taa ile ni nguvu ya mchana, iliyonaswa na sola juu ya bati, ikawekwa ndani ya betri, na sasa yatumiwa usiku.

Jambo hili limekuwa la kawaida hata watu hawaliulizi tena. Lakini zamani hapakuwa na mtu aliyejua ya kuwa nguvu ya umeme yaweza kuwekwa akiba katika vipande vya madini na maji ya chumvi, kisha ikatolewa polepole wakati wa haja. Wataalamu wa zamani walikuwa na chupa ya kuwekea cheche za umeme, lakini chupa hiyo ilimaliza nguvu zake zote kwa mpigo mmoja, kama baruti. Mtu wa kwanza kutengeneza betri ya kujazwa na kutumiwa, kisha ikajazwa tena, alikuwa kijana wa Kijerumani aliyeitwa Johann Wilhelm Ritter. Wengi waliopita shuleni wanalijua jina la Volta, lakini jina la Ritter hawalijui. Habari za maisha yake zafaa kusomwa, kwa kuwa zina sifa ndani yake na zina maonyo pia.

CHURA NA NGUZO YA VOLTA

Mwanzo wa mambo haya ulikuwa katika nchi ya Italia. Mwaka 1791 Luigi Galvani, mwalimu wa udaktari katika mji wa Bologna, alitangaza ya kuwa mguu wa chura aliyekufa hushtuka ukiguswa na madini mawili ya namna mbalimbali yaliyounganishwa. Galvani alidhani kwamba umeme ule watoka katika nyama ya chura. Mwitalia mwenzake, Alessandro Volta, alikataa. Yeye alisema kwamba umeme watoka katika kukutana kwa yale madini mawili, na chura ni shahidi tu.

Ili kuthibitisha neno lake, Volta alimwondoa chura kabisa. Alipanga visahani vya fedha na vya zinki kimoja juu ya kingine, na baina ya kila jozi akatia kipande cha nguo au karatasi nene iliyoloweshwa maji ya chumvi. Nguzo hiyo ya visahani ilitoa umeme mfululizo, jambo ambalo halijapata kuonekana. Tarehe 20 Machi 1800 Volta aliandika barua kwa chama cha wataalamu cha Royal Society mjini London, na kabla mwaka haujaisha nguzo za namna ile zilikuwa zikijengwa kila mahali Ulaya.

Lakini nguzo ya Volta ilikuwa na mpaka wake. Umeme wake watokana na kuliwa kwa zinki, na zinki ikiisha kuliwa, nguzo hufa. Ni kama jiko la kuni: kuni zikiisha kuwa majivu, hapana awezaye kuyarudisha majivu yawe kuni. Betri kavu za tochi, ambazo asili yake ni kazi ya Mfaransa Georges Leclanché ya mwaka 1866 na ya Mjerumani Carl Gassner ya mwaka 1886, ni za ukoo huo huo. Zikiisha hutupwa, na mwenye tochi huenda dukani kununua nyingine.

KIJANA WA DUKA LA DAWA

Ritter alizaliwa tarehe 16 Desemba 1776 katika kijiji cha Samitz, katika nchi ya Silesia ambayo siku hizi ni sehemu ya Poland. Baba yake alikuwa kasisi wa Kiprotestanti. Alipofika umri wa miaka 14 alitiwa katika duka la dawa mjini Liegnitz ili ajifunze kazi ya kutengeneza dawa. Huko alijifunza kupima kwa mizani, kuyeyusha na kuchanganya, na kutambua chumvi moja na nyingine. Ujuzi huo wa mikono ulimfaa kuliko masomo mengi ya darasani.

Mwaka 1796, alipopata fedha kidogo za urithi, aliingia Chuo Kikuu cha Jena. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata mwenyewe, kwa kusoma na kujaribu. Hata hivyo wakubwa walimtambua upesi. Alexander von Humboldt, msafiri na mtaalamu mashuhuri, alimwomba shauri juu ya majaribio yake. Goethe, ambaye ndiye mtunzi mkubwa kuliko wote wa lugha ya Kijerumani, alimpokea na kuzungumza naye mambo ya elimu.

Mwaka 1798, akiwa hajatimiza hata miaka 22, Ritter alitoa kitabu juu ya umeme ule wa Galvani. Katika kazi zake za miaka hiyo alionyesha jambo ambalo Galvani na Volta wote wawili hawakuliona sawasawa: ya kuwa palipo na umeme wa namna hii pana mageuzi ya madini pia, kama chuma kinavyogeuka kikashika kutu. Umeme hautoki katika nyama ya chura, wala hautoki katika kugusana kwa madini peke yake. Hutoka pale madini na maji ya chumvi yanapofanya kazi pamoja na kugeuka. Karibu miaka 100 baadaye mtaalamu Wilhelm Ostwald alipoandika historia ya elimu hiyo, alimtaja Ritter kuwa ndiye mwenye kuianzisha.

Habari za nguzo ya Volta zilipofika Jena, Ritter alijenga yake mara moja. Katika mwaka ule ule wa 1800 aliyatenga maji kuwa hewa mbili kwa nguvu ya umeme, kama walivyofanya Waingereza Nicholson na Carlisle muda mfupi kabla yake, naye akazikusanya hewa zile kila moja mahali pake. Mwaka 1801 alifanya uvumbuzi mwingine ulio mbali kabisa na betri. Alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu ili rangi zake zitengane, kisha akaweka chumvi ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ikipata mwanga. Chumvi ile iligeuka upesi zaidi nje ya rangi ya zambarau, mahali ambapo jicho halioni kitu. Hivyo Ritter aligundua miale ya jua isiyoonekana, ambayo siku hizi hujulikana kwamba ndiyo inayounguza ngozi ya mtu, na ndiyo itumiwayo kuua vijidudu katika maji.

NGUZO ILIYOJAZWA

Kazi iliyo kubwa kuliko zote kwa mwenye taa ya Machakos ilifanywa katika miaka ya 1802 na 1803. Wakati huo Mfaransa mmoja, Nicolas Gautherot, alikuwa amekwisha kuona jambo la ajabu: nyaya zilizotumika kupitisha umeme katika maji ya chumvi zilibaki na umeme kidogo hata baada ya kuondolewa katika nguzo. Ritter naye aliliona jambo hilo, lakini hakuishia kuona. Alilifanyia chombo.

Alitwaa visahani vya shaba nyekundu tu, kama 50 hivi, bila kuchanganya na zinki wala fedha. Baina ya kila kisahani na kingine aliweka karatasi nene iliyoloweshwa maji ya chumvi. Mtu yeyote aliyeifahamu kazi ya Volta angalisema ya kuwa nguzo kama hii ni upuuzi mtupu, maana madini ya namna moja hayatoi umeme. Na kweli, nguzo ile peke yake ilikuwa imekufa. Lakini Ritter aliifunga kwa nyaya kwenye nguzo kubwa ya Volta, akaiacha kwa muda, kisha akaifungua. Sasa nguzo iliyokuwa imekufa ilikuwa hai. Ilishtua mkono wa mtu, ikatenga maji, na umeme wake ulitoka kwa kuelekea kinyume cha ule uliotiwa. Nguvu zilipokwisha, Ritter aliifunga tena kwenye nguzo ya Volta, nayo ikajaa mara ya pili. Aliiita nguzo ya kujazwa.

Watu wengi hudhani kwamba umeme umo ndani ya betri kama maji yalivyo ndani ya mtungi. Sivyo. Afadhali mtu akumbuke upinde wa Wakamba wa zamani, ambao sifa zake zilifika mbali. Mpigaji akiuvuta upinde, nguvu ya mkono wake haipotei, bali huukunja mti na kukaa humo kwa kuwa mti umeacha hali yake ya kwanza. Akiachia, mti hurudi katika hali yake, na nguvu ile ile huusukuma mshale. Ndivyo ilivyo betri ya kujazwa. Umeme unaoingia huyalazimisha madini na maji yake yageuke, na betri inapotumiwa, vitu vile hurudi katika hali yake ya kwanza na kuutoa umeme tena. Upinde ukivutwa kupita kiasi huvunjika, na ukilegezwa mno hauna kazi. Betri nayo ina kiasi chake.

KWA NINI ALISAHAULIWA

Sababu ya kwanza si kosa la Ritter. Chombo chake kilitangulia wakati wake. Siku zile hapakuwa na mashine ya kutoa umeme. Ili kujaza nguzo ya Ritter, mtu alipaswa kwanza kuwa na nguzo ya Volta, na mwenye nguzo ya Volta angeweza kuitumia hiyo hiyo. Ghala lilikuwa limejengwa kabla ya shamba kulimwa.

Sababu ya pili ilikuwa kalamu yake. Ritter aliandika mengi, lakini maandishi yake yalikuwa marefu na yenye mafumbo, majaribio ya kweli yakichanganyika na mawazo juu ya siri za maumbile yote. Aliyetaka kujua idadi ya visahani alilazimika kusoma kurasa nyingi kabla ya kuikuta. Wataalamu wa Ufaransa na Uingereza hawakuwa na subira hiyo.

Sababu ya tatu ilitokea Paris. Ritter alikuwa na rafiki Mdenmark, Hans Christian Ørsted, aliyempenda na kumtetea. Mwaka 1803 Ørsted alizipeleka habari za nguzo ya kujazwa kwa wataalamu wa Paris, kwa matumaini ya kupata tuzo ambayo Napoleon aliiweka kwa ajili ya uvumbuzi katika mambo ya umeme. Lau Ritter angalipeleka lile alilokuwa na hakika nalo tu, huenda mambo yangalikuwa mengine. Lakini aliongeza dai jingine, ya kuwa dunia yenyewe ina ncha mbili za umeme kama ilivyo na ncha mbili za sumaku. Jaribio la kuonyesha hayo lilifanywa mbele ya wataalamu, likashindwa. Tuzo hakuipata. Neno moja lisilo na uthibitisho lilitia shaka juu ya neno jingine lililokuwa kweli tupu.

Katika mwaka ule ule Ritter alimwandikia Ørsted barua yenye bishara. Alikuwa amezipanga tarehe za uvumbuzi mkubwa wa umeme, akazilinganisha na mwendo wa jua mbinguni, naye akahesabu ya kuwa uvumbuzi mwingine wa namna ya Volta ungetokea mwishoni mwa mwaka 1819 au mwaka 1820. Na kweli mwaka 1820 uvumbuzi huo ulitokea, na aliyeufanya ni Ørsted mwenyewe, alipoona kwamba waya wenye umeme hugeuza sindano ya dira. Katika Ukambani, ambako husimuliwa habari za Syokimau aliyeiona reli kabla haijafika, kisa kama hiki hakikosi kusikilizwa. Lakini hesabu ya Ritter haikuwa na msingi wowote, kwa kuwa mwendo wa jua hauamrishi uvumbuzi wa watu. Ilitukia tu kupatana. Naye mwenyewe hakuishi kuiona siku hiyo.

MWILI WAKE NA FIMBO YA MAJI

Siku zile hapakuwa na saa ya kupimia umeme. Ritter aliutumia mwili wake mwenyewe kuwa kipimo. Alizigusisha ncha za nguzo kwenye ulimi, machoni, masikioni na puani, akaandika alivyoona rangi, alivyosikia mlio, na alivyopata maumivu. Aliongeza nguvu siku baada ya siku, na maumivu yalipozidi alitafuta nafuu katika kasumba na pombe. Hivyo maandishi yake yalikuwa na hakika ambayo wengine hawakuwa nayo, lakini gharama yake ilikuwa afya yake. Juu ya hayo alikuwa na madeni mengi, kwa sababu alinunua madini na vyombo kwa fedha asizokuwa nazo. Alioa mwaka 1804, akapata watoto, na nyumba ikawa na shida.

Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa mmoja wa Chuo cha Wataalamu cha Bavaria, naye akahamia mji wa Munich mwaka 1805. Ungekuwa mwanzo mpya. Lakini huko zilimfikia habari za mkulima mmoja wa Italia, Francesco Campetti, aliyesemekana kuwa na uwezo wa kuyatambua maji na madini chini ya ardhi kwa kutumia fimbo. Ritter alimwendea, akamleta Munich, akamfanyia majaribio, na mwaka 1808 akatoa jarida zima juu ya jambo hilo. Wenzake walitaka uthibitisho, nao hawakuridhika. Heshima yake ilianguka.

Hapa Machakos, ambapo wanawake huchimba mchanga wa mto mkavu ili wapate debe moja la maji, hapana atakayemcheka mtu kwa kutafuta maji. Wala kosa la Ritter halikuwa kutafuta. Kosa lake lilikuwa kuamini kabla ya kupima. Jaribio la kweli ni lile ambalo mwenye fimbo hajui maji yalipo, na aliye karibu naye hajui pia, kisha matokeo yake yakahesabiwa, yaliyopata na yaliyokosa. Majaribio ya namna hiyo yalifanywa mara nyingi baadaye, na fimbo haikuonyesha kushinda bahati nasibu. Mtu yule yule aliyeipima nguzo ya shaba kwa uangalifu mkubwa aliiacha mizani yake nyumbani alipokutana na fimbo.

Tarehe 23 Januari 1810 Ritter alifariki dunia mjini Munich, maskini, akiwa na umri wa miaka 33 tu.

WALIOPOKEA KAZI YAKE

Mbegu yake haikuoza. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alichukua mabamba mawili ya risasi, akayakunja pamoja kama mkeka, akaweka kitu cha kuyatenganisha, na kuyatia katika tindikali. Betri hiyo ilikubali kujazwa na kutumiwa mara nyingi, na iliweka nguvu nyingi zaidi kuliko visahani vya shaba. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, alipaka mabamba ya risasi unga wa risasi uliokandwa, na betri ikaweza kujaa upesi na kuweka nguvu zaidi. Wakati huo mashine za kutoa umeme zilikuwa zimekwisha kupatikana, basi shamba likawa limelifikia ghala. Betri ya gari na ya lori, inayosukumwa kwa mkono mafundi wanapoibadilisha katika gereji za Machakos, bado ni betri ya Planté na Faure kwa asili yake.

Katika nchi ya Kenya betri hizo zilipata kazi nyingine. Watu wa mashambani walizifunga kwenye redio na televisheni, wakazipeleka mjini kwa baiskeli au kwa matatu ili zijazwe. Mwaka 1984 shule ya sekondari ya Harambee ya Karamugi, upande wa Meru, ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza kupata taa za sola, kwa kazi ya fundi Harold Burris na mwalimu Mark Hankins, Wamarekani wote wawili. Mafundi wa Kenya walijifunza kazi hiyo, na tangu hapo sola zilienea vijijini kwa fedha za wakulima wenyewe, waliouza kahawa, chai na maziwa. Kioo cha sola bila betri hutoa nguvu mchana tu, saa ambayo mkulima yuko shambani na hana haja ya taa. Ni betri iliyoufanya usiku kuwa na mwanga.

Tangu mwaka 1991 zilianza kuuzwa betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na ndizo zilizomo katika simu za mkononi na taa ndogo za sola. Mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Walistahili. Lakini kila betri inayojazwa, iwe ya risasi au ya lithiamu, hufuata njia ile ile iliyofunguliwa na visahani 50 vya shaba.

KUITUNZA BETRI

Mwenye betri ya risasi na tindikali nyumbani kwake afaa kukumbuka mambo machache. Asiitumie mpaka iishe kabisa. Akiizoeza kushuka chini ya nusu, maisha yake yatakuwa mafupi. Asiiache siku nyingi bila kuijaza, kwa kuwa mabamba yake hushika ugumu. Ikiwa ni ya kuongezwa maji, atie maji ya betri yanayouzwa dukani, wala si maji ya mto au ya kisima, maana chumvi za humo huiharibu. Aiweke mahali penye hewa, mbali na moto, kwa sababu inapojazwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Tindikali ikimrukia mtu, aoshe mara moja kwa maji mengi.

Betri iliyokufa irudishwe kwa wanaoinunua kwa kazi hiyo, wala isivunjwe nyumbani ili kuyeyusha risasi. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na hudhuru akili na damu. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi karibu na kiwanda kilichoyeyusha betri za zamani, nao walipatwa na madhara ya risasi hata wakaenda mahakamani kudai haki. Ritter aliufanya mwili wake kuwa kipimo kwa hiari yake mwenyewe. Watoto wa mtaa ule hawakuulizwa.

MALI BILA DAFTARI

Habari za Ritter zina neno kwa mkulima na kwa karani pia. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Uvumbuzi nao ni mali. Ukiandikwa kwa mafumbo hausomwi, ukichanganywa na maneno yasiyopimwa hauaminiwi, na usipoandikwa kabisa hupotea jina la mwenyewe, hata kama kazi yake yabaki.

Mfano uko karibu. Katika miteremko ya Machakos yako matuta yaitwayo fanya juu, ambayo mkulima huchimba mfereji kwa kufuata usawa wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu, mpaka shamba likawa kama ngazi na mvua isipate njia ya kuubeba udongo. Katika miaka ya 1930 wilaya hii ilijulikana kwa udongo wake uliomomonyoka. Matuta hayo yalienea tangu miaka ya 1950, na wataalamu wa nchi za mbali walikuja kutazama jinsi ardhi ilivyopona. Leo neno hilo la Kiswahili, fanya juu, limo katika vitabu vya kilimo vya lugha za kigeni. Vitabu hivyo huitaja Machakos, lakini aghalabu havitaji jina la mkulima hata mmoja miongoni mwa wale waliojaribu kwanza, wakaona lipi lafaa na lipi halifai, na kuwaonyesha jirani zao.

Basi mkulima aliyejaribu mbegu mpya, au fundi aliyetengeneza chombo chake mwenyewe, asidharau daftari la shilingi chache. Aandike tarehe, kiasi, na matokeo, mazuri na mabaya, kwa maneno mafupi ambayo jirani ataweza kuyafuata. Na karani mwenye mwandiko mzuri, aliye na jirani mwerevu wa mikono asiyejua kuandika, ampe jioni moja. Ritter alikuwa na Ørsted wa kumsemea, na kwa hiyo jina lake halikupotea lote. Wengi waliovumbua mambo yenye manufaa hawakumpata hata huyo mmoja.